Chumba cha Ngoma kwa Mjomba Luhende

Juzi Padre Leonsi alifanya jubilei ya upadre wake na mimi nikakokotwa mbele ya watu. Sisemi nilialikwa, nasema nilikokotwa, maana kijana anayefundisha kwaya siku hizi, Mwalimu Doto wa kule Kahama, alinishika mkono nikiwa nimekaa zangu benchi la wazee nasubiri baraka niende nikale, akasema, "Mzee Silvesta, wimbo wa matoleo ni wako. Usimamie mwenyewe." Vijana wake wana kinanda cha umeme, wana maspika marefu kama milango, na noti wanazisoma kwenye simu. Mimi nikasimama na mkono wangu unaotetemeka kama mkia wa mbuzi. Katika wale wa kwaya ya zamani tumebaki watatu: mimi, Sabina aliyekuwa alto, sasa anatembea na fimbo, na besi mmoja ambaye hasikii tena, alikaa pale anacheka tu. Nikatoa sauti, do kwa soprano, nikawashushia na wengine, nikapandisha mkono. Walipoanza tu, vile vigae vya kanisa jipya vikaniondoka machoni. Nikajikuta nimelala chali kwenye chumba cha ngoma kwa mjomba, juu yangu ngoma zinaning'inia kwenye boriti kama matumbo ya ng'ombe aliyechinjwa, na mlango uko wazi, na mimi siwezi kutoka.

Huo mwaka ndio nataka kuusema. Habari za baba nani na babu alitoka wapi sitazigusa, waliokufa wapumzike, na mnaotaka ukoo mtauliza kwingine. Naandika mwenyewe na mwandiko wangu ni wa darasa la nne, basi mkiona nimepotea njia nisubirini, nitarudi.

Nilikuwa kijana wa ndevu za kwanza, tenor katika kwaya ya misheni yetu upande wa Bukombe. Mwalimu wa kwaya alikuwa mzee amechoka, macho yameingia ukungu, na kidogo kidogo alikuwa akiniachia mimi: leo nitoe sauti, kesho nifundishe besi, keshokutwa nimalizie wimbo alioanza kuutunga akaushindwa. Noti alinifundisha kwa vidole vya mkono wake, kila kidole na jina lake, do, re, mi, na hata leo nikitunga vidole vyangu vinachezacheza, mke wangu marehemu alikuwa akisema nakuna upele usioonekana. Sasa Pasaka ya mwaka ule, katikati ya Aleluya, sauti ikakatika. Haikukwaruza, haikukohoa. Ilikatika kama uzi. Nikafungua mdomo ikatoka hewa. Zahanati ya misheni walinipa vidonge na maji ya chumvi ya kusukutua, nikasukutua mpaka midomo ikapasuka. Wiki zikaenda. Nikawa mtu wa kuonyesha kwa mikono, na watoto wakaanza kuniita Bubu.

Ndipo mama akasema niende kwa kaka yake, Mjomba Luhende.

Mjomba Luhende alikuwa mganga, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba alikuwa ningi. Kwa msiotoka huku: kwetu Usukumani wacheza ngoma wana pande mbili, Bagika na Bagalu, na mtu anazaliwa upande wake kama watu wa mjini walivyo na timu zao za mpira. Kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, pande hizo zinakutana uwanjani. Hazichezi kwa zamu. Zinacheza wakati mmoja, hawa kichwa hiki cha uwanja na hawa kile, na watu wanatembea wenyewe kwenda kwenye ngoma inayowavuta. Jioni anayebaki na watu wengi ndiye ameshinda, hakuna mwamuzi mwingine. Na ningi ndiye mtunzi wa upande wake na ndiye anayeusimamia: anatunga, anafundisha, anaimbisha, anamtukana ningi mwenzake kwa mashairi mpaka watu wanalia kwa kicheko. Siku hizi redioni wakinitaja wanasema mtunzi na mwongoza kwaya. Mjomba alikuwa hivyo hivyo, ila yeye alivaa manyoya na njuga, na upande wake ulikuwa Bagika.

Alinitibu. Sitasema dawa zote, nyingine sizijui. Alinichanja chale ndogo hapa kooni na hapa juu ya kifua, akapaka dawa nyeusi iliyowasha kama pilipili. Nikawa nakunywa maziwa yaliyopikwa na mizizi, asubuhi na jioni, na amri ya kunyamaza, ambayo haikuwa ngumu. Chakula ni ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na asubuhi matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga. Mke mkubwa wa mjomba, Nyamizi, alikuwa anapika nsansa kwa karanga mpaka leo sijakula nyingine kama ile, na nimekula kwa maaskofu. Siku moja nimekaa uani, mbuzi akashika shati langu kwenye kamba akaanza kulitafuna, nikamtukana. Tusi likatoka zima, la nguvu, mpaka kuku wakaruka. Nyamizi akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Ahaa," akasema. "Amepona kwa tusi. Huyu ni wa ukoo kweli."

Nikafunga kibegi changu siku hiyo hiyo. Nikaenda kwa mjomba kumwambia wabeja, yaani asante, na kuaga. Alikuwa anakaza ngozi ya ngoma, hakuinua uso.

"Unakwenda wapi, mpwa?"

"Nyumbani, mjomba. Nimepona."

"Umepona ndiyo. Hujatolewa."

Hapo ndipo nilipoelewa nilipoingia. Mgonjwa wa mganga kwetu ni mtoto wa dawa. Akipona bado ni mtoto wa dawa mpaka mganga amtoe: amnyoe nywele, amtemee maji ya unga wa mtama kifuani, amwambie nenda. Hapo dawa inabaki kwa mganga na mgonjwa anaondoka na afya yake. Mjomba hakumtoa mtu wakati wa msimu. Alitoa watu mwisho wa kiangazi, ngoma zikisharudishwa kwenye boriti. Kabla ya hapo mtoto wa dawa anaweza kwenda shambani, sokoni, hata kanisani, ila jua lisimzamie nje ya mji wa mganga wake, yaani boma lake. Likimzamia, alichoponywa kinamrudia. "Sikufungi," mjomba akasema. "Tazama mwenyewe, hata mlango hauna komeo." Na kweli haukuwa na komeo. Akanihamisha kutoka kibanda cha wagonjwa akaniweka chumba cha ngoma, kama heshima.

Pale mjini kwa mjomba kulikuwa na mtoto wa dawa mwingine, Masele, mtu wa machimbo ya Geita. Alikuja kutafuta dawa ya kuona dhahabu, misimu mingi nyuma, na hakuwahi kutolewa. Alikuwa anachunga ng'ombe. Maneno yake yote yalikuwa ya kule kwao. Shimo la kuchimba wanaliita duara, basi kwake kila kitu kilikuwa duara. Nilimwuliza kwa nini hajaondoka. Akanionyesha shingo yake, ilikuwa imepinda kidogo upande wa kushoto.

"Niliondoka mara moja. Nimefika njia ya Geita, jua likazama, asubuhi nimeamka hivi."

"Si ulilala vibaya?"

"Inawezekana," akasema Masele. "Wewe jaribu, utatuambia." Halafu akacheka, akanipiga bega. "Mwalimu, hapa ni duara lisilo na ngazi. Maji yapo, chakula kipo, hewa ipo. Ngazi tu."

Nimeisikiliza sentensi hiyo maisha yangu yote.

Sasa niwaeleze chumba. Kilikuwa chembamba, ukuta wa udongo, upande wa pili wa ukuta walilala vijana wacheza ngoma waliokuja kwa msimu. Harufu ya ngozi, ya mafuta ya ng'ombe, ya mavi ya popo. Kitanda changu kilikuwa cha kamba. Na zile ngoma, bwana, zilikuwa zinaitika. Nikiimba chini, kubwa ile ya pembeni inanguruma yenyewe bila kuguswa. Nikipanda juu, ndogo zinalia mmm, kama mtu aliyefumba mdomo. Mara ya kwanza niliogopa. Baadaye nikazoea, nikawa natafuta noti ipi inamwamsha yupi. Wasomi wana jina lake la jambo hilo, Mwalimu Doto aliwahi kunitajia nikalisahau. Mimi najua tu kwamba kwaya yangu ya kwanza iliyonitii mara moja bila ubishi ilikuwa ya ngozi za ng'ombe.

Wakati huo huo habari ikaja. Padre paroko wetu, mzungu mrefu, Kisukuma anakijua na mafumbo yake, alimtuma katekista aniite. Nikaenda kwa baiskeli asubuhi. Akaniambia Leonsi, mtoto wa parokia yetu, atapewa upadre mwisho wa kiangazi, wa kwanza kutoka kwetu, na askofu atakuja. Mwalimu wa kwaya amechoka. Wimbo wa matoleo utatungwa na mimi. "Ukitunga vizuri," akasema, "ninakupeleka shule ya muziki. Miaka miwili. Utajifunza kinanda, utajifunza kuandika noti kama watu. Halafu unarudi unakuwa mwalimu wangu." Nilikuwa nakunywa chai yake ya maziwa na biskuti, nikaweka kikombe chini. Halafu akanitazama shingoni. Joto la kiangazi lile, na mimi nimefunga shati mpaka kifungo cha juu.

"Unakaa wapi siku hizi, Silvesta?"

"Kwa mjomba, padre. Kumsaidia mavuno."

Akaitika tu. Lakini Jumapili iliyotangulia alikuwa amehubiri, kila mtu alisikia, kwamba mtu aliyechanjwa na waganga asikaribie mambo ya altare. Basi nilikuwa na mlango huku na mlango huku, yote iko wazi, na nikitoka mmoja naangukia wa pili.

Nikatunga kwenye chumba cha ngoma. Asubuhi wacheza ngoma wakiwa bado wamelala, naziimbia ngozi. Maneno yalikuwa mepesi: tumekuja na mikono mitupu, Baba, uijaze. Nilitaka kiitikio ambacho mtu wa nyuma kabisa, hata asiyekuja kanisani isipokuwa Krismasi, anakidaka mara ya pili. Jumamosi naenda mazoezi kwa baiskeli, nafundisha sauti moja moja, na jua likishainama mguu wangu mmoja uko kwenye pedali. Sabina alikuwa ananicheka.

"Mwalimu gani huyu anakimbia kama kuku? Una mke umemficha?"

"Mavuno."

"Mavuno ya mwezi huu? Na hilo shati, unakabwa na nani?"

Alto wote wakacheka. Nikafunga kifungo vizuri zaidi, nikapanda baiskeli.

Msimu ukafunguliwa. Siku ya ngoma ya kwanza mimi nilibaki mjini, sikutaka mtu wa parokia anione uwanjani. Nimekaa na Nyamizi tunapanga michembe juani, vile vipande vya viazi vya kukausha, na uwanja hauko mbali, upepo unaleta ngoma vipande vipande. Halafu nikasikia kitu. Nikasimama. Nyamizi akasema, "Nini?" Nikasema, "Nyamaza kidogo, mama." Ulikuwa wimbo wangu. Kiitikio chote, kile cha matoleo, kinapanda pale pale nilipokipandisha, kinakaa pale pale nilipokikalisha, ila chini yake ngoma zinakimbia na watu mamia wanakiimba kwa Kisukuma, wanawacheka Bagalu: wamekuja na mikono mitupu, waacheni warudi nayo.

Wale vijana wa upande wa pili wa ukuta hawakuwa wamelala.

Jioni mjomba amerudi, vumbi mpaka kwenye kope, ameshinda, amefurahi. Nikamfuata chumbani kwake, nikamkuta anavua njuga.

"Mjomba, ule wimbo ni wa kanisa."

"Ulitungiwa wapi?"

"Chumbani."

"Chumba cha nani?"

"Chako."

"Na sauti uliyotungia, nani alikurudishia?"

Akavua njuga ya pili, akaiweka chini taratibu.

"Mpwa, mimi sijaiba. Ng'ombe akizalia kwenye zizi langu ndama ni wa nani? Na tena nimeufanyia wema. Wewe ulikuwa umeukalisha kama mgonjwa. Mimi nimeuinua ukatembea." Halafu akaniimbia kipande kidogo kuonyesha alipoutia ngoma, na uchungu wa mambo ni kwamba alikuwa na haki. Uliingia vizuri pale. Nilimchukia na huku vidole vyangu vinachezacheza kwenye paja vinajifunza.

Ndani ya mwezi mmoja nchi nzima iliuimba. Wenye baiskeli za mkaa waliuimba. Masele alisema jamaa waliopita kutoka machimbo walikuwa wanauimba wakivuta kamba ya kutolea kifusi. Na Bagalu hawakukaa kimya, ningi wao alijibu kwa wimbo mwingine unaoanza pale kiitikio cha Bagika kinapomalizia: mkono mtupu ndio unaoshika, uliojaa utashika nini. Jibu zuri sana, hata mjomba alitikisa kichwa. Sasa huko kanisani nikafika Jumamosi kwenye mazoezi nikakuta kwaya imekaa pande mbili za chumba. Besi mmoja, baba yake mpiga ngoma wa Bagalu, akasimama.

"Mwalimu, mimi siimbi wimbo wa Bagika mbele ya baba yangu. Atanifukuza."

"Si wa Bagika. Ni wa matoleo."

"Waambie wao," akasema, akaonyesha dirishani, na huko nje mwanamke wa sokoni alikuwa anapita na beseni kichwani anauimba, wa Bagika, na maneno yote.

Hapo Sabina hakucheka. Alinifuata kwenye baiskeli. "Silvesta. Ulitungia wapi wimbo huu?" Nikamwambia. Nikafungua kifungo kimoja nikamwonyesha. Alitazama zile chale, akanifungia kifungo mwenyewe. "Tunga mwingine," akasema.

Nilijaribu. Mungu anajua nilijaribu. Lakini chumba kile kilikuwa kimeshajaa ule mmoja. Kila nikianza mwingine, ngozi zinaitika zile noti ambazo zimezoea, na mimi nazifuata kama ng'ombe anavyofuata njia ya kisima. Nikaenda kwa mjomba nikapiga goti, nikamwomba anitoe kabla ya siku ya askofu. Akafikiri. Akasema atanitoa, ila ngoma ya mwisho ni Jumamosi, siku moja kabla ya upadrisho. Nisimame naye uwanjani, niuimbishe wimbo mwenyewe, watu wanione. "Wakuone kwamba nimezaa ningi. Basi. Nikifa leo, mimi sina mtoto anayeimba." Alisema hilo la mwisho kwa sauti ndogo. Sikuwa nimewahi kumsikia na sauti ndogo. Lakini nikienda uwanjani, shule ya muziki imekwenda. Nikisema hapana, nabaki mtoto wa dawa. Nikasema hapana. Jumamosi hiyo nilikaa chumba cha ngoma, kitupu, ngoma zote zimekwenda uwanjani, na kimya chake kilikuwa kibaya kuliko kelele.

Jumapili misa ilikuwa nje, kwenye uwanja wa mpira wa shule ya misheni, maana watu hawakuhesabika. Sasa kosa lilifanyika hapo, na si kosa la mtu mmoja. Waliambiwa wakae popote. Na watu wa huku, ukiwaweka uwanjani wengi namna ile, miguu yao inajua kwa kwenda: Bagika wote kichwa hiki, Bagalu wote kichwa kile, na altare katikati. Hawakukusudia. Walikaa walivyozoea kukaa. Nikamwona mjomba kwenye kigoda mbele ya watu wake, amevaa shati jeupe. Hakuwa Mkristo. Alikuja kusikiliza.

Matoleo yakafika. Nikatoa sauti. Kwaya ikaanza, mstari wa kwanza safi, wa pili safi. Nikashusha mkono kwa kiitikio, na kabla soprano hawajamaliza neno, Bagika wote, kichwa chao cha uwanja, wakaitikia. Kwa Kisukuma, na makofi. Mwongoza kwaya hageuki, mgongo wake ndio ukuta wake, lakini nikageuka, nikaona nusu ya uwanja mdomo wazi, na Bagalu wamekunja mikono. Nikaona askofu ameinua uso. Nikafikiri, basi, nimekwisha. Na wale Bagalu, huenda ni kwa sababu hawakuweza kuvumilia kutukanwa mbele ya askofu, wakajibu. Wakaingia pale pale ningi wao alipowazoeza, cha Bagika kikimalizia. Na kwaya yangu iko katikati na sauti zake nne haijaacha. Mkono wangu wa kushoto ukaenda kwa hawa, wa kulia kwa wale, sikuuagiza. Nikawashusha hawa, wakashuka. Nikawapandisha wale, wakapanda. Watu ambao baba zao hawajawahi kuimba pamoja walikuwa wananitazama vidole. Sijui ilikaa kiasi gani. Najua kwamba matoleo yalikuwa yameshaisha kupelekwa, na Leonsi, aliyelala kifudifudi mapema kama desturi ya upadrisho, amekwisha kuinuka na kuvikwa na yuko altareni analia, na bado nilikuwa siwezi kuwaachia.

Kila nilichotunga baada ya siku ile kina hilo ndani yake. Wanaokisoma wanasema mtindo wa Silvesta: kwaya katikati, watu pande mbili, mmoja anajibu mwisho wa mwingine. Mtindo gani. Ulikuwa ugomvi wa ngoma.

Baada ya misa paroko alinivuta nyumba ya mapadre. Meza imejaa wali na nyama ya ng'ombe, mapadre wanakula na kuzungumza, mmoja anasema mwenzake asikie, "Nilidhani watapigana." Paroko akafunga mlango wa chumba chake kidogo. "Fungua shati," akasema. Nikafungua. Akaziangalia chale kwa miwani, kama mtu anayesoma. Nikangoja hukumu.

"Ngozi," akasema. "Ngozi tu. Utaungama, tutamaliza. Gari la askofu linaondoka jioni hii, nimeomba nafasi moja. Shule inaanza kesho kutwa. Chukua nguo zako hapa kwa watawa, watakupa. Panda."

Nataka mnielewe. Mlango ule ulikuwa wazi. Mzungu ameufungua, amenisukuma mgongoni. Nikatoka nje, gari lile la kijani limesimama kwenye kivuli, dereva anafuta kioo, mlango wa nyuma umeachwa wazi kwa ajili yangu. Sabina akaja mbio na kanga kiunoni. "Unakwenda? Wanasema unakwenda." Nikatazama juu. Jua lilikuwa limeinama juu ya miti ya misheni. Nikameza mate, nikasikia koo langu lile, zima, na nikafikiri, saa moja hivi ijayo nitakuwa njiani, na litakatika kama uzi, na huko shule ya muziki nitashuka bubu. Sabina aliona miguu yangu kabla yangu mimi.

"Silvesta, usiwe mjinga. Panda gari."

Nikapanda baiskeli.

Nilifika jua likiwa limebaki kama ukucha. Mjomba alikuwa ametangulia, amekaa mlangoni mwa chumba cha ngoma. Masele anafunga zizi, aliponiona akatikisa kichwa, akaendelea na kamba zake. Nikamwambia mjomba kila kitu: gari, shule, miaka miwili, dereva anafuta kioo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ungepanda."

"Hujanitoa, mjomba."

"Ungepanda, mpwa. Mimi ningekukimbiza na nini? Mimi sina gari." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona kitu alichokijenga kimemwangukia mwingine. Akaita, "Nyamizi, mletee mtoto chakula."

Asubuhi alininyoa, akanitemea maji ya unga kifuani, akaniambia nenda. Nikaenda mpaka misheni kwa baiskeli, kichwa kinang'aa. Gari lilikuwa limeondoka, na nafasi ile amepewa kijana wa Chato, akajifunza kinanda, ni mtu mzuri, amekwishakufa. Paroko hakunigombeza. Alinifanya mwalimu wa kwaya hivyo hivyo. Nimetunga misa, nimetunga zaburi, zinaimbwa Mwanza na Tabora na Dar es Salaam, vijana wananitumia kwenye simu ya mjukuu wangu nisikie. Mimi sijazisikia huko zikiimbwa. Walinialika mara nyingi, na kila mara nikapata udhuru. Nimeongoza kwaya zote ambazo mtu anaweza kuzifikia asubuhi na kurudi kabla ya magharibi. Mjomba alipokufa aliniachia ngoma, na ule mji nikaujenga upya kwa matofali, ninalala humo mpaka leo, ila chumba kile sikukigusa.

Basi juzi kwenye jubilei nikashusha mkono, wimbo ukaisha, wazee wa pande zote mbili wakaitikia vilevile, na Mwalimu Doto akaja amekunja mikono kifuani kwa heshima. Anasema kuna studio Kahama, watarekodi usiku kucha na kwaya nzima, mzee akae nao, aonyeshe pale pa kujibizana, kitanda kipo, dawa ya presha watanunua. Sabina alikuwa kwenye kiti anakula wali wake polepole. Aliniona nikitazama dirishani.

"Silvesta," akasema. "Luhende amekufa siku nyingi."

"Najua."

"Na alikutoa. Nilikuona na kipara."

"Najua, Sabina."

Akaweka kijiko chini, akanitazama miguu, kama siku ile. Mimi nikachukua kofia yangu. Nje vijana walikuwa wameshauanza tena ule wimbo, kinanda kimeutia mapambo mengi, lakini kiitikio kimekaa pale pale. Nikamgusa bega kijana wa bodaboda nikamwambia twende, tena kaza kidogo, jua linazama.